Tumbo la boti kuukuu la faiba: kupiga puti, kulaza faiba upya au kufungua ndani?

Jahazi likichoka hukuambia. Ubao hulainika, msumari hulia kutu, maji ya ngama, yale yanayojikusanya ndani chini, huongezeka kila asubuhi. Faiba hunyamaza. Boti inaweza kubaki inang'aa juu huku chini ikibonyea mwaka hadi mwaka, mpaka siku unapogundua kwamba mashine ileile iliyokuwa ikiipandisha juu ya maji bila shida sasa inanguruma tu, omo (mbele ya boti) imeinama, na dumu la mafuta linaisha kabla ya safari.

Ukiwauliza mafundi, utapata majibu matatu. Wa kwanza atakwambia piga puti, sawazisha, paka rangi. Wa pili atataka kukwangua ngozi yote ya chini na kulaza faiba mpya. Wa tatu atapiga sakafu teke mara mbili, atatikisa kichwa, na kusema bila kufungua ndani unapoteza pesa. Wote watatu wanaweza kuwa wakweli, kila mmoja kwa boti yake. Kazi yako ni kujua boti yako ni ipi.

Kwanza pima

Chukua rula ya alumini ya mita 2, ile ya wapiga lipu. Iweke chini ya boti sambamba na mkuku (uti wa boti chini), ncha moja ikianzia kwenye ukingo wa tezi (nyuma ya boti), kisha mwenzako amulike tochi upande wa pili. Rudia angalau mistari mitatu kila upande wa mkuku. Mwanga unaopenya utakuonyesha mambo mawili.

Mwanga ukipenya katikati ya rula, tumbo limeingia ndani na ukingo wa mwisho unaelekea chini. Huo nitauita mbonyeo. Boti ya namna hii hunyanyuliwa tezi na kusukumwa omo, ikawa nzito mbele na mbishi kwenye usukani mawimbi yakija kwa nyuma. Rula ikigusa katikati na kuacha nafasi kwenye ukingo wa tezi, huo ni mbinuko, tumbo la dau. Hapo tezi hunyonywa chini, na ukikaza mwendo omo inapanda na kushuka kama mtu anayesinzia kwenye daladala.

Mita moja na nusu ya mwisho ndiyo yenye neno. Boti ikishapanda juu ya maji, hiyo ndiyo sehemu inayoibeba. Pengo la milimita 3 hapo linatosha kubadili tabia ya boti ndogo. Pengo hilohilo mbele, karibu na omo, hutalihisi. Matumbo mengi ya V tunayoyaona leo yanafuata wazo la Mmarekani C. Raymond Hunt, lililopata umaarufu boti iitwayo Moppie iliposhinda mbio za Miami hadi Nassau mwaka 1960: nusu ya nyuma inakwenda moja kwa moja hadi tezi, bila kujikunja juu wala chini. Kwa hiyo ukiona fundi anahangaika na mawimbi madogo ya mbele huku tezi imepinda, mwambie arudi nyuma.

Sasa jambo ambalo lingeniokolea miezi miwili. Boti yangu ya futi 23 niliipima ikiwa imekaa juu ya magogo mawili na matairi, mashine ikining'inia nyuma. Nikapata mbonyeo wa milimita 7 na nikaanza kuhesabu makopo ya puti. Mzee mmoja aliyekuwa akikalafati mashua pembeni alikuja kutazama. Nikamwamkia, akaitikia, akainama chini ya boti, akainuka.

"Sogeza magogo, mwanangu, halafu upime tena."

Tulitoa mashine, tukaweka jaki na ubao mpana chini ya tezi, tukalisogeza gogo la kati. Milimita 7 zikawa 3. Zaidi ya nusu ya kasoro niliyotaka kuijaza ilikuwa imeletwa na gogo. Ningeinyoosha pale ilipokuwa, ningeirudisha majini ikiwa imepinda upande wa pili.

Kipimo hicho kinasema jambo lingine pia. Tumbo lenye afya halipaswi kubadilika sana kwa kusogeza gogo. Likibadilika, mihimili ya ndani imelegea au imeoza. Shika hilo, tutalirudia.

Njia tatu na vigezo

Njia ya kwanza, *kupiga puti*: unakwangua rangi, unajaza palipobonyea kwa puti ya epoksi, unasugua kwa ubao mrefu wa msasa hadi rula ilale bila mwanga. Ya pili, *kulaza upya*: unaondoa jelkoti (ngozi ya nje inayong'aa) na faiba iliyoharibika, unaacha pakauke, unalaza tabaka mpya, kisha unasawazisha. Ya tatu, *kufungua ndani*: unakata sakafu, unanyoosha tumbo kwa jaki kutoka chini, unabadilisha mihimili na kuiunga kwa faiba boti ikiwa katika umbo lake.

Nitazipima kwa mambo matano: zinatibu nini hasa, unyoofu zinaofikia, uzito zinaouongeza, muda boti inaokaa nchi kavu, na mkono pamoja na pesa.

Zinatibu nini

Puti inatibu umbo tu, haiongezi nguvu. Kama tumbo ni gumu, halina mipasuko, na linatoa sauti kali ukiligonga kwa mpini wa bisibisi, puti inatosha na hakuna haja ya mbwembwe. Likitoa sauti nzito kama ya boksi, tabaka zimeachana, na puti hapo ni sawa na kupaka lipu ukuta unaobomoka.

Kulaza upya kunatibu ngozi na nyama: malengelenge, mipasuko, tabaka zilizoachana, tumbo lililokwanguliwa miaka na miaka hadi likawa jembamba. Malengelenge ni maji yaliyopenya jelkoti, yakayeyusha masalia ya rezini (gundi ya maji inayogandisha faiba) ndani na kufanya kimiminika kinachozidi kuvuta maji mengine. Ukitoboa lengelenge, vaa miwani. Hutoka kwa nguvu na hunuka siki. Bahari ya joto kama yetu huharakisha ugonjwa huu, hasa kwa boti inayolala majini mwaka mzima.

Kufungua ndani kunatibu chanzo cha kupinda. Boti nyingi za zamani zina mihimili ya mbao au plaiwudi iliyofunikwa faiba nyembamba. Fundi wa kwanza alitoboa kufunga tangi, wa pili akatoboa kufunga kiti, maji yakaingia kwenye matundu, na mbao ikaoza ndani ya ganda lake. Nje unaona muhimili mzima. Ukichimba kwa bisibisi unatoka na tope. Muhimili ukifa, tumbo linafuata lolote linalolibeba: magogo, matairi, au mbao za trela ambazo hazikufika kwenye ukingo wa tezi.

Unyoofu

Hapa puti inaongoza, na watu wengi hawaamini. Uso ulionyooka sawasawa hutoka kwenye ubao wa msasa, na njia zote tatu huishia kwenye ubao huohuo. Tofauti ni kiasi cha kazi inayobaki.

Namna yake ni ya mpiga lipu. Paka puti kwa mwiko wenye meno, ule wa kubandikia vigae, upate michirizi yenye urefu mmoja. Isugue michirizi hiyo hadi rula ikubali, kisha jaza mabonde kati yake. Michirizi inabaki kuwa kipimo chako. Ubao wa msasa uwe na urefu wa sentimita 80 hadi mita moja, wenye kukunjika kidogo, msasa namba 40 kwanza kisha 80. Sugua kwa mshazari, huku na huku, kama unayechora alama ya X. Puliza rangi nyeusi nyembamba juu yake: palipobaki peusi baada ya kupitisha ubao ni bonde. Grenda na mashine ya duara ziweke mbali wakati huu. Hukata haraka mno, na mbonyeo uliotoa jasho la siku mbili unarudi kwa dakika moja.

Mbinuko una taabu yake. Lazima ushushe ukingo wa tezi, na puti tupu kwenye ukingo hupasuka ikigusa mchanga. Jenga ukingo huo kwa tabaka za faiba na epoksi iliyokazwa kwa unga wa silika, halafu uuache mkali. Kona ya tezi isiviringwe, hata kama inapendeza. Maji yanatakiwa yaachane na boti pale ghafla. Yakipata mviringo hufuata kona na kuvuta tezi chini. Nimeona boti mbili zilizonyooshwa vizuri kabisa, kisha mpakaji rangi akaviringa kona kwa ajili ya urembo.

Kulaza upya hukuachia uso wenye vilima na mabonde ya faiba, kwa hiyo kazi ya puti inakuja juu yake. Kufungua ndani kunaweza kukupa mstari mzuri bila puti nyingi, kwa sababu umbo linarudi lenyewe ukisukuma jaki taratibu. Lakini ukikosea kipimo siku ya kuunga mihimili, kosa hilo umeliwekea zege.

Uzito

Chukulia tumbo la mita za mraba 12, kama la boti yangu. Mkeka wa faiba wa gramu 450 kwa mita ya mraba unakunywa rezini mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wake na kutoa unene wa karibu milimita 1. Tabaka moja kwa tumbo zima ni kilo 5.4 za mkeka na rezini kilo 11 hadi 13. Tabaka tatu zinafika kilo 50 au zaidi kidogo, yaani abiria mmoja mwembamba asiyelipa nauli. Kama umeondoa faiba mbovu kiasi hichohicho, umelipa deni. Kama umelaza juu ya ya zamani tu, umembeba.

Puti ya epoksi iliyochanganywa na unga mwepesi wa vipovu ina kilo 0.7 hivi kwa lita. Kujaza wastani wa milimita 3 kwenye mita za mraba 4 za nyuma ni lita 12, kilo 8 au 9. Puti ya gari kwa kazi hiyohiyo inapita kilo 20. Na uzito si kosa lake kubwa: puti ya gari ina unga wa talki unaokunywa maji. Nilishawahi kuipaka chini, zamani, kwa ushauri wa mtu anayenyoosha magari vizuri sana. Ilidumu msimu mmoja, kisha ikaanza kutoka vipande kama maganda ya muhogo.

Kufungua ndani mara nyingi kunapunguza uzito. Mbao iliyooza na povu lililolowa hubeba maji mengi ajabu, na ukivitoa boti inaelea juu kuliko ulivyoizoea.

Muda nchi kavu

Puti, ukiwa na watu wawili na hali ya hewa nzuri, ni wiki mbili hadi tatu. Kulaza upya kazi yenyewe ni ya wiki chache, ila kukausha kunaweza kuchukua miezi. Baada ya kuondoa jelkoti, osha kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) mara nyingi ili kuondoa chumvi na ile asidi, acha pakauke, kisha bandika kipande cha nailoni angavu na ukizibe pande zote kwa utepe wa gundi. Siku ya pili ukikuta umande ndani, subiri. Ukilaza faiba juu ya unyevu umeufungia ugonjwa ndani.

Na hapa kalenda ya pwani inacheza nasi. Boti za watalii na za uvuvi wa michezo hupumzika masika, ndipo mwenye boti anapopata nafasi, na ndipo hewa inapokuwa na maji kuliko wakati wowote. Miezi mikavu ya kaskazi ndiyo ya kazi, lakini ndiyo ya biashara. Bila banda au turubai la maana lenye upepo chini, kulaza upya wakati wa masika usikuanze.

Kufungua ndani hakutegemei mvua sana kama una paa, ila kunatafuna muda kwa namna nyingine: kila unachofungua kinafunua kingine. Panga msimu mzima.

Mkono, vifaa na pesa

Puti inataka subira kuliko ufundi. Ukiwa na mabega na rula unaweza kuifanya mwenyewe. Kulaza upya kunataka mtu aliyewahi kulaza faiba juu ya kichwa chake, au boti igeuzwe. Kuigeuza ni bora mara mia, kwa sababu rezini inashuka ndani ya mkeka badala ya kukudondokea. Boti ya futi 23 inahitaji watu wengi, matairi mengi na kamba imara. Ikishalala kifudifudi, ibebe kwenye kingo zake sawasawa isije ikapinda upya. Kufungua ndani ndiko ghali zaidi kwa mikono, na hapo usimpe fundi wa kubahatisha.

Njia yoyote utakayochagua, kuna swali la rezini, na ndilo linaloharibu kazi nyingi.

Poliesta ndiyo rahisi kwa bei na inapatikana kwa urahisi. Inafaa kwa boti mpya katika kalibu, lakini juu ya faiba iliyokauka miaka 25 inashika kwa mikwaruzo tu, kwa hiyo ikwaruze hasa, msasa wa 36 au 40. Hadena yake, dawa ya kuigandisha, ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito: gramu 10 hadi 20 kwa kilo. Katika joto la nyuzi 32 nenda upande wa chini na uchanganye kidogo kidogo. Tumia mizani na sindano, usikisie kwa kifuniko. Vaa miwani, maana tone la hadena linaweza kupofusha. Na kama rezini yako bado haijatiwa kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda), usiikutanishe kobalti na hadena moja kwa moja kamwe, hulipuka.

Vinilesta inazuia maji vizuri zaidi na inashika zaidi, kwa bei ya kati. Kasoro yake ni kwamba haikai sana dukani. Pipa lililopitisha kiangazi kizima kwenye ghala la mabati usilinunue hata kwa nusu bei.

Epoksi inashika faiba ya zamani kuliko zote na ndiyo ghali kuliko zote. Ina masharti mawili. Kipimo chake hakiongezwi wala kupunguzwa ili ikauke upesi. Fuata uwiano wa mtengenezaji. Tena mikeka mingi ya kawaida ya nyuzi zilizokatwa ina gundi inayoyeyuka kwa poliesta, si kwa epoksi, kwa hiyo tumia faiba ya kufumwa au ya kushonwa. Epoksi ikikauka hutoa utelezi kama nta: ioshe kwa maji na dodoki kabla ya msasa. Juu yake paka rangi ya epoksi ya kuzuia maji, kisha rangi ya kuzuia mwani. Jelkoti ya kawaida juu ya epoksi ni kujitafutia lawama.

Vumbi la faiba likusanywe juu ya turubai, siyo liachwe lipeperukie mikoko na maji ambayo watu wanavulia kamba.

Kwa hali yako

Rula imeonyesha milimita 2 hadi 5, haibadiliki ukisogeza magogo, na tumbo linalia kavu pote: piga puti ya epoksi. Inamfaa mwenye boti ndogo anayelala na boti yake ufukweni na ana jioni za kutosha. Ikizidi milimita 6, mimi hutanguliza tabaka za faiba bondeni, puti inakuja juu kama pazia.

Malengelenge ni machache na yametawanyika: fungua kila moja, kausha, jaza kwa epoksi, endelea na maisha. Yakiwa yamejaa tumbo zima, au tabaka zimeachana, laza upya. Njia hii inamfaa mwenye boti ambayo umbo lake ni zuri na mashine yake bado ina miaka. Kwa boti ambayo thamani yake ni ndogo kuliko rezini utakayonunua, piga hesabu tena.

Mstari unabadilika ukisogeza magogo, sakafu inadunda, au mashine inatikisika na ukuta wa tezi: fungua ndani kwanza, hata kama nje panatia kinyaa. Panda na jaki taratibu, siku kadhaa, ukipima kila asubuhi kabla jua halijapasha faiba joto. Ya nje yatafuata, na mara nyingi utakuta yamepungua.

Una mbonyeo mdogo na boti yako inabeba mizigo kwa mwendo wa pole kati ya kisiwa na bandari: iache. Kuna watengenezaji waliouweka mbonyeo mdogo makusudi ili boti fupi ipande maji mapema. Una mbinuko, na msimu umeshaanza: vibao vya kurekebisha mkao vilivyofungwa kwenye tezi vitaituliza omo hadi upate nafasi ya kazi yenyewe.

Na kama boti bado si yako, nenda kuitazama na rula, tochi, bisibisi na jaki ya gari. Muuzaji akikataa usogeze gogo, mwachie na boti yake.